Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu Zanzibar: mtihani wa kidato cha pili ni wetu wenyewe, uandikeni kwa lugha mbili

Assalaam alaykum warahmatullah,

Waheshimiwa mnaosimamia elimu na mitihani ya Zanzibar, kuanzia aliyekaa kwenye kiti cha uwaziri mpaka yule anaetunga swali la mwisho la karatasi ya mwisho, nakuandikieni nikiwa Wete, Pemba. Mimi si mwalimu na wala sina cheo popote, nina steshenari ndogo tu, natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, ila ikifika mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja kazi yangu kubwa inakuwa moja, pasti pepa, yaani karatasi za mitihani iliyopita, za kidato cha pili. Watoto wanakuja makundi makundi, wengine bado wamo na sare za skuli, wengine washapita nyumbani wameshavaa kanzu wanaelekea chuoni kusoma Kurani, wanachanga mia mia wanatoa kopi moja halafu wanakwenda kugawana kurasa. Miaka sasa nawaona, na nina jambo moja tu la kukwambieni, nalisema hapa juu ili asiekuwa na muda wa kufika chini awe kashalipata: mtihani wa kidato cha pili uandikeni kwa lugha mbili, swali liwe kwa Kiingereza na chini yake liwe kwa Kiswahili, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa ile anayoiweza.

Naanza na mtoto wa kaka yangu, maana yeye ndo alienifumbua macho. Mwaka jana alikuwa cha pili. Baba yake ana sehemu kwenye shamba la chumvi upande wa Micheweni, na huyu mtoto toka yuko darasa la tano likizo zake zinaishia kule, jua lote la mchana lake. Usiku mmoja baada ya isha alikuja dukani na pasti pepa ya kemia aliyokuwa kaifanya peke yake, kajipimia na muda kabisa, akaniomba nimuangalilie. Mie kemia nimeiacha siku nyingi lakini nikaichukua. Kuna swali linauliza, kwa Kiingereza, eleza hatua za kuipata chumvi kutoka kwenye maji yenye chumvi na utaje njia hio inaitwaje. Mtoto kaandika nini? Kalinakili swali lenyewe, neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, halafu kenda zake swali linalofuata.

Nikamuuliza, "Hili mbona hukujibu?"

"Sijalifahamu, ami."

Nikamwambia wanakuuliza vipi utapata chumvi kutoka kwenye maji ya bahari. Kaniangalia kama mtu alieulizwa jina la mama yake. "Si kama kule kwa baba?" Nikamwambia ehe, kama kule kule, haya nieleze. Basi akaanza. Kanieleza maji wanayaingiza bamvu likija, yale maji makubwa ya bahari, yanakaa bwawa la kwanza mpaka tope lizame, yanahamishwa la pili, halafu la tatu, na kila linalofuata kina chake kidogo zaidi ili jua liyapate upesi, na baba yake anatia kidole anaonja ajue yamefika wapi, na ukiona pembeni pameanza kushika ukoko mweupe usiyatibue tena, na mvua ikikunyeshea siku hio basi kazi yote umeipoteza unaanza upya. Nikamtega, nikamuuliza kwani hio chumvi kwa nini haiondoki pamoja na maji? Kanijibu, "Chumvi haipandi ami, maji ndo yanapanda, yanakwenda juu na jua, yenyewe inabaki chini."

Nilinyamaza kimya. Mtoto huyu amefanya kwa mikono yake kitu mlichomuuliza, anajua kinavyokwenda na kwa nini kinakwenda hivyo, na karatasi yake mngelipata mngelitia sifuri, na sifuri ile ingekwenda kujumlishwa na nyengine halafu ingesomwa kwenye matokeo kuwa watoto wa Pemba hawajui kemia.

Baada ya hapo sikuweza kukaa kimya. Hapa mtaani tuna mwalimu mstaafu, alifundisha sayansi miaka mingi, nikamfata nikamwambia mwalimu nisaidie kitu, tukakaa barazani kwake jioni mbili tukazitia Kiswahili pasti pepa mbili, moja ya kemia na moja ya hesabu, nikazichapa mwenyewe usiku, nikawapa huyu mtoto na rafiki zake wanne wanaosoma pamoja. Wiki kabla walishazifanya kwa Kiingereza. Nataka nikuelezeni kilichotokea kwa ukweli wake, sitii chumvi. Kwenye hesabu zile za tarakimu tupu, kujumlisha sehemu, kutafuta x, hakukuwa na tofauti kabisa, aliekosa kwa Kiingereza kakosa na kwa Kiswahili. Tofauti ilikuja kwenye hesabu za maelezo, zile za mfanyabiashara kanunua kwa kiasi fulani kauza kwa faida ya asilimia fulani, hapo watoto ambao mwanzo waliacha wazi waliandika ukurasa mzima. Na hawa ni watoto wa msimu wa karafuu jamani, wanaokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka chini, wanauza, asilimia na faida wanaikokotoa kwa kichwa njiani wakirudi. Kwenye kemia wawili walipanda sana, mmoja alipanda kidogo, na wawili walibaki pale pale. Hawa wawili ndo walionifundisha zaidi kuliko wote, kwa sababu swali walilifahamu barabara na bado hawakuwa na jibu, mwalimu akaona pale pale kuwa hawa mada ya asidi na besi haijawaingia, akawaita kesho yake akawafundisha upya.

Hicho ndo kitu mtihani wa sasa hauwezi kukupeni. Ikija karatasi tupu, nyinyi mnaosahihisha hamjui kama huyu hajui kemia au hajui Kiingereza, na mwalimu wake hajui, na mzazi hajui, na mtoto mwenyewe anaondoka akiamini kuwa yeye ni mzito. Mie nawasikia pale dukani, mtoto wa miaka kumi na nne kumi na tano anakwambia "mie sayansi siiwezi", na hajawahi hata siku moja kuulizwa sayansi kwa lugha anayoota nayo.

Sasa mtasema jambo la lugha ya kufundishia ni kubwa, lina sera, lina mabaraza, lina Muungano ndani yake. Naelewa. Mtihani wa kidato cha nne upo chini ya Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA, na baraza hilo limo kwenye mambo ya Muungano, hapo Zanzibar peke yake haiwezi kuamka asubuhi ikabadilisha. Lakini elimu ya msingi na sekondari si ya Muungano, na mtihani wa kidato cha pili unatungwa hapahapa na baraza letu la mitihani, unachapwa kwa pesa zetu, unasahihishwa na walimu wetu wanaokaa kambini siku zote zile. Huu ni wetu mia kwa mia. Hatuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu kuongeza mstari wa Kiswahili chini ya mstari wa Kiingereza.

Na tusidanganyane kuhusu darasani. Sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na sera yetu ya elimu ya 2006 ilikwenda mbali zaidi ikataka hesabu na sayansi zianze kwa Kiingereza toka darasa la tano. Hayo ni makaratasi. Darasani mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kwa sababu akieleza kwa Kiingereza watoto wanamtumbulia macho, halafu anageuka anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, watoto wananakili, wanakwenda nyumbani wanazihifadhi kama wanavyohifadhi sura bila ya tafsiri. Simlaumu mwalimu hata kidogo, anafanya anachoweza na wengi wanafanya kazi kubwa kwenye madarasa yaliyojaa. Ila mtoto kaelezwa kwa Kiswahili, kafahamu kwa Kiswahili, kauliza kwa Kiswahili, siku ya mtihani anakabidhiwa karatasi ambayo haina hata neno moja la kile alichofahamia.

Hili wala si jipya na sikulivumbua mie wa steshenari. Zaidi ya miaka kumi nyuma watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol kule Uingereza wakishirikiana na wenzao wa huku walifanya utafiti ulioitwa SPINE, na hawakwenda kuufanya pengine, waliufanya Zanzibar, juu ya mtihani huu huu wa kidato cha pili. Walichukua maswali ya mtihani wakayafanya kwa Kiingereza chake cha asili, wakayarahisisha lugha, wakatia michoro, wakauliza na kwa Kiswahili, na wakaona kuwa watoto wanaonekana hawajui kumbe wanajua, swali lenyewe ndo lilikuwa ukuta. Yaani dunia imeshajifunza kupitia watoto wetu, na watoto wetu bado wanapewa karatasi ile ile. Huko Bara nako Tume ya Makweta, ile iliyoangalia mambo ya elimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, haikutekelezwa. Miaka arubaini hio. Watoto wa wakati ule sasa hivi ni mababu.

Kuna anaesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mwenye kusema hivi namuomba aje Wete nimuoneshe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia toka mwaka 1990, na darasa la nne mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili anafahamu mvuke, mizizi, mapafu, mmeng'enyo wa chakula. Yale maneno yasiyokuwa na Kiswahili kizoefu acheni yabaki kama yalivyo, mtoto anajua oksijeni, anajua asidi, anajua bakteria. Yanayomuangusha si majina ya vitu, hayo kayahifadhi. Yanayomuangusha ni vile vineno vidogo vinavyobeba swali, eleza, linganisha, toa sababu mbili, kwa kutumia jibu ulilolipata hapo juu. Pale kaunta nimeshaulizwa maana ya maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa neno lolote la kisayansi. Na linaniuma jambo moja, Kiswahili sanifu kinachosomwa dunia nzima msingi wake ni Kiunguja, ndicho kilichochaguliwa kule Mombasa mwaka 1928, na Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO umekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Tunaisherehekea kila mwaka, na mtoto wa nyumbani kwa lugha yenyewe hawezi kuulizwa nayo maji yanachemka kwa nini.

Wazazi wengine hawatakubaliana na mie na nawaheshimu, wanasema Kiingereza ndo ajira, angalia mahoteli Nungwi, angalia Paje, angalia kazi za mashirika. Mimi pia nataka mtoto wa kaka yangu ajue Kiingereza, tena akijue vizuri, akae na mgeni azungumze bila ya kuogopa. Ndo maana sikuombeni mkiondoe, naomba kibaki pale pale juu ya karatasi, mtoto akisome, na chini yake aone Kiswahili, kila swali litakuwa limemfundisha na lugha ndani yake. Kijana wa Nungwi anaezungumza Kiingereza na Kitaliano hakujifunza kwa kunakili maana ya osmosisi asiyoifahamu, kajifunza kwa kuzungumza na watu. Kiingereza kifundisheni kama lugha, kwa walimu waliosomea lugha, kwa vitabu vya hadithi, kwa kusema. Na mtihani wa somo la Kiingereza ufanyeni kwa Kiingereza chote, huko ndo mahala pa kumpima.

Swali gumu ni la cha nne, atafika vipi kule na karatasi ni Kiingereza kitupu? Nimelifikiria sana hili, nimelizungumza na mwalimu mstaafu pia. Jibu letu ni kuwa mtoto aliekifahamu kitu ana miaka miwili ya kujifunza kukisema kwa Kiingereza, ila aliefelishwa cha pili hana hio miaka miwili. Wengi wakianguka pale hawarudi tena, huo mtihani watu wazima bado tunauita mchujo. Hapa Pemba mtoto wa kiume akichujwa tunajua anakwenda wapi, baharini, bodaboda, au anapanda meli kwenda kutafuta Unguja na Bara. Wa kike ndo mapema zaidi, anaposwa.

Matokeo yakitoka tunasikia sababu zile zile, utoro, simu, msimu wa karafuu, wazazi hawafatilii. Sikatai, msimu ukikolea madarasa yanapungua na sie wazazi tunajua na wengine ndo tunaowachukua. Lakini mtoto wa kaka yangu hakuwa mtoro. Hana simu. Alikaa dukani kwangu mpaka saa nne usiku kwa kuwa pana taa. Kwa yeye sababu hizi hazifanyi kazi, na wa aina yake ni wengi, nawajua kwa nyuso.

Siku ya matokeo mwaka huu dukani kwangu palijaa toka asubuhi. Alikuja mama mmoja kutoka visiwani, kavuka na dau na mjukuu wake yuko mgongoni, kashika kikaratasi kina namba ya mtihani ya binti yake imeandikwa kwa penseli, binti mwenyewe kaogopa kuja. Nikamtafutia nikamprintia. Hajui kusoma zile herufi za Kiingereza, akaniomba nimsomee moja moja. Kiswahili, nikamwambia kapata A. Akasema alhamdulillah. Dini, A. Akasema alhamdulillah. Halafu tukaingia kwenye biolojia, jiografia, kemia, historia, na yeye baada ya ile ya tatu akaacha kuitikia, akaikunja karatasi kabla sijamaliza akaitia ndani ya mtandio. Kaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, huyu ni mtoto mmoja au wamechanganya wawili?" Mimi sikuwa na la kumjibu, nikamrudishia pesa yake. Nyinyi mna jibu la kumpa yule mama, kwa sababu karatasi za yule binti mnazo na mkizifungua mtaona wenyewe wapi kaandika na wapi kanakili swali.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi nae aingie darasani, na kila mwaka siku hio tunaiadhimisha kwa michezo na magwaride. Skuli za ghorofa zinajengwa mpaka huku kwetu, tunaziona na tunashukuru, mikondo ya mchana inapungua na watoto wanakaa kwenye viti vizuri. Sasa fungueni na karatasi. Ni kazi ndogo kuliko ghorofa, mfasiri, mhariri, na kurasa kadhaa za ziada kwenye uchapaji, watu wa Baraza la Kiswahili la Zanzibar wapo, walimu wastaafu kama huyu wetu wapo na wana hamu ya kusaidia. Kama mnahofia kuanza na masomo yote anzeni na kemia na biolojia, au anzeni na wilaya moja, ileteni Micheweni, halafu mlinganishe na karatasi za mwaka uliopita. Na jambo la pili dogo, mkimaliza kusahihisha tuambieni ni maswali gani watoto wengi waliyaacha wazi, somo kwa somo, liandikwe kwa Kiswahili libandikwe skuli, mwalimu apate pa kuanzia mwezi wa kwanza.

Mtoto wa kaka yangu alivuka, kwa alama za kuponea chupuchupu, yuko cha tatu sasa na kemia kaiacha, kasema haitaki tena. Baba yake anataka arudi shambani likizo hii maana bamvu linakuja na mabwawa yanataka kusafishwa.

Zile pasti pepa mbili tulizozitia Kiswahili ninazo, pamoja na majibu ya wale watoto watano kwa lugha zote mbili, majina nimeyakata. Nimezitia kwenye bahasha moja, Jumatatu nafunga duka nazipeleka Chake Chake mwenyewe niziache ofisini kwenu. Maandishi ya penseli yanafutika upesi, kwa hio nimetoa na kopi.

Wassalaam,
Mzazi na mwenye steshenari, Wete